Riwaya za uhalifu: zipi ununue, zipi uazime tu

Kipimo changu ni kimoja: ukishamjua muuaji, kitabu utakifungua tena? Riwaya nyingi za taharuki humalizwa usiku mmoja, na asubuhi hakuna kilichobaki ila macho mekundu. Sina ugomvi nazo, nazisoma sana. Lakini za namna hiyo naazima, au nasikiliza kwenye simu huku nafua. Pesa yangu naiweka kwenye zile ambazo hata siri ikishatoka bado zinasomeka. Nimezipanga kwa mtindo huo, na mwisho wa kitabu simfichulii mtu.

Ya kwanza ni The Talented Mr. Ripley ya Patricia Highsmith (1955). Humu huulizi nani kaua, maana muuaji unatembea naye bega kwa bega. Tajiri mmoja wa Marekani anamtuma Tom Ripley Italia akamshawishi mwanawe, Dickie, arudi nyumbani. Kuna mahali Tom yuko peke yake chumbani, kavaa nguo za Dickie, anaiga sauti yake mbele ya kioo, mara Dickie mwenyewe huyo anaingia. Hakuna damu wala kisu, lakini aibu ile hunikaba koo kuliko mauaji yenyewe. Baadaye polisi wanapokaribia, unashtuka kujikuta unamwombea Tom asikamatwe.

Ya pili ni Rebecca ya Daphne du Maurier (1938). Wapo wanaoiita hadithi ya mapenzi; labda waliishia katikati. Msimulizi ni binti ambaye jina lake hatuambiwi hata mara moja, kaolewa na mgane mwenye jumba kubwa, na kila kitu humo bado kina harufu ya marehemu. Siku moja anavunja kisanamu cha kauri, anaokota vipande na kuvificha kwenye droo kama mtumishi anayeogopa kufukuzwa, ilhali mwenye nyumba ni yeye! Mwanzo unakwenda polepole. Vumilia.

Ya tatu, Gone Girl ya Gillian Flynn (2012). Mke anatoweka siku ndoa yao inapotimiza miaka mitano; sura moja anasimulia mume, inayofuata ni shajara ya mke. Mume huyu anatuhesabia uongo anaowaambia polisi, na bado unataka kumwamini. Nunua nakala ya karatasi, kwa sababu utarudi nyuma mara nyingi kulinganisha tarehe. Mwisho wake umewaudhi wengi. Mimi naona watu wale wawili walistahiliana.

Ya nne ni ya Agatha Christie, The Murder of Roger Ackroyd (1926). Wahusika wake wepesi, nakubali. Lakini mara ya pili utaikuta sentensi iliyokupoteza imekaa wazi mbele ya macho yako, na haikusema uongo hata neno moja.

Kuanzia hapa, azima. The Silent Patient ya Alex Michaelides (2019) inaanza vizuri mno: mchoraji anampiga mumewe risasi tano usoni, kisha hatamki tena neno. Ila kitabu kizima kinabeba mgeuko mmoja, na ukishaujua huna cha kurudia. The Girl on the Train ya Paula Hawkins (2015) ningeipandisha kwa ajili ya Rachel peke yake, mlevi anayekunywa jini ya kopo ndani ya treni na haziamini kumbukumbu zake mwenyewe. Tatizo, wanawake watatu wanasimulia na sauti zao zinafanana. The Housemaid ya Freida McFadden (2022) ni ya safari. Utashuka umeimaliza.

Usisome jalada la nyuma. Wachapishaji hupenda kuandika kwamba mwisho utakushangaza, basi unasoma kitabu kizima umekaa mkao wa kushangazwa, na utamu unaisha.

Ukinunua kilichotumika, kipekue kwanza. Niliwahi kununua kimoja, kufika ukurasa wa 30 nikakuta msomaji aliyenitangulia kazungushia jina la mtu kwa penseli na kuandika pembeni: "Ndiye huyu!" Nilikasirika, nikakitupa kando wiki nzima. Nilipokirudia na kukimaliza, kumbe naye alikuwa amebahatisha tu, na alikosea.