Uzoefu wangu na soko la bustanini hapa München, na cherehani niliyoipata

Kama unaishi Ujerumani na bado kila kitu unanunua dukani au unahangaika na matangazo ya mtandaoni, nakusihi uende kwenye soko la majirani la vitu vilivyotumika. Hapa München wanaliita Hofflohmarkt. Tangu baridi inapoisha hadi majani yanapoanza kupukutika, mitaa hupokezana: Jumamosi hii zamu ya Haidhausen, nyingine Giesing au Sendling. Katikati ya mji watu hupanga vitu kwenye nyua za ndani za maghorofa. Huku kwetu pembezoni, nyumba zina vibustani vya mbele, na kila familia hutandika meza yake kati ya geti na mlango. Anayeuza hufunga maputo getini. Ukiyaona, karibu ndani.

Kiingilio hakuna, na wenye biashara ya bidhaa mpya hawatakiwi. Mtu anauza vyake alivyovitumia, na hapo ndipo penye utamu. Mimi nimekulia Moshi, nimechagua nguo kwenye soko la mitumba la Memorial tangu utotoni na mitumba naipenda mpaka leo. Lakini belo likishafunguliwa, hakuna wa kukuambia shati lilivaliwa na nani wala kwa nini liliachwa. Bustanini unanunua kwa mwenye kitu, amesimama mlangoni kwake, na keshokutwa mtakutana kituo cha basi. Mtu wa namna hiyo ni vigumu kukudanganya. Kuna mama alinizuia kabisa nisichukue blenda yake: "Hiyo inavuja, chukua hii nyingine."

Kilichonisukuma kuandika ni cherehani. Nyumba ya pembeni, bibi mmoja alikuwa ameitoa Pfaff yake ya zamani, ile ya chuma tupu, nzito, ya kiwanda cha Kaiserslautern kilichoanza mwaka 1862. Mimi nashona, kwa hiyo nilijua ninachokitazama. Nikamwomba niijaribu. Akapitisha waya wa umeme dirishani, akachomeka, akaniletea kiti. Kwanza nilizungusha gurudumu kwa mkono: jepesi, halikwami popote. Nikaifungua kwa chini pale bobini inapokaa; hakuna kutu wala nyuzi zilizosokotana, mafuta yanang'aa. Kisha nikakunja kipande cha jinzi mara nne nikakipitisha. Sindano ilizama bila kusita na mishono ikatoka sawa juu na chini. Zigizaga nayo vilevile. Bibi akaniambia mapazia yote ya nyumba ile ameyashona nayo, ila sasa macho hayaoni tundu la sindano. Alitaka euro 60. Nikamwambia naitaka kwa kazi, si pambo la sebuleni, anipunguzie kidogo. Tukaafikiana 45, na basela akaniongezea mkebe uliojaa bobini na vifungo. Ningeiagiza kwa muuzaji wa mtandaoni nisingepata nafasi ya kushona hata hatua moja kabla ya kulipa. Na anayefikiria kutuma cherehani ya namna hii nyumbani Tanzania ajue kwamba umeme wa huku na wa kule ni volti 230. Transfoma haihitajiki, utabadilisha plagi tu.

Suala la bei linahitaji busara. Wengi hapa hawana mazoea ya kuvutana kama Kariakoo. Ukianza kwa kutaja nusu ya bei, wapo wanaoudhika wazi. Salimia, shika kitu, uliza habari zake, halafu omba upunguziwe mara moja tu. Ukija saa nne asubuhi soko linapofunguliwa utapata vitu vizuri. Ukija baada ya saa tisa mchana utapata bei nzuri, kwa sababu hakuna anayetaka kuvirudisha stoo. Wengine huacha kabisa boksi lenye karatasi iliyoandikwa "zu verschenken", yaani jichukulie bure. Beba sarafu, maana kadi haina kazi hapa, na noti ya 50 asubuhi itawasumbua wote wawili.

Baiskeli zipo nyingi na nzuri, ila dai funguo za kufuli na risiti kama ipo, na hakikisha taa zinawaka, maana sheria ya barabarani huku inazitaka. Kiti cha gari cha mtoto na helmeti mimi sinunui hata vikiwa vipya machoni. Ajali inaweza kuvidhoofisha bila kuacha alama, na hapo hata muuzaji mwaminifu huenda hajui.

Kinachoniudhi ni wachuuzi wanaopita kabla ya muda, wakati watu bado wanapanga meza, wakizoa vyombo vya kaure na saa za zamani kwa bei ya kutupa kutoka kwa wazee, ili wakaviuze kwa faida. Nimeona mzee akikabidhi boksi zima kabla hajamaliza kunywa kahawa yake. Mvua nayo ikinyesha, nusu ya mageti hufungwa na hakuna anayekutaarifu. Halafu choo. Unatembea mtaa baada ya mtaa, una watoto, umekula keki na juisi kwa kila jirani, na huna pa kwenda. Waandaaji wangekubaliana na kanisa au shule ya mtaa iache mlango mmoja wazi hadi saa kumi, familia nyingi zingekaa mpaka mwisho.