Kozi ya unadhimu Wellington, India: maoni ya mke wa ofisa tuliyekwenda na familia nzima

Dada zangu wengi wananiuliza swali lile lile, mume kachaguliwa kwenda kozi ya unadhimu (kazi ya maofisa wanaomsaidia kamanda kupanga vita) huko Wellington, India, je niende naye au nibaki na watoto Dar? Jibu langu ni nendeni, tena wote. Natoa nyota nne na nusu kati ya tano, hiyo nusu niliyoikata nitaieleza huko chini, ila niseme mapema kwamba kinachonifanya niisifie hii kozi sio milima wala cheti, ni vile inavyomuweka mtu wa nchi kavu, mtu wa majini na mtu wa anga pamoja karibu mwaka mzima mpaka wanajuana tabia.

Kwa asiyejua, chuo kinaitwa Defence Services Staff College, kiko Wellington, mji mdogo wa kijeshi jirani na Coonoor kwenye milima ya Nilgiri, jimbo la Tamil Nadu. Kwetu unaweza kukilinganisha na Chuo cha Ukamanda na Unadhimu Duluti pale Arusha, na Wakenya wana cha kwao Karen, Nairobi. Kozi ni ya wiki 45, wanasoma zaidi mameja na wa vyeo vinavyolingana na hapo, darasa moja lina watu zaidi ya mia nne, wengi wao Wahindi lakini wageni wapo kutoka nchi nyingi na sisi wa Afrika Mashariki tupo. Wenyeji wa nchi kavu wanafanya mtihani mkali sana wa kugombea nafasi, kwa hiyo usidhani mumeo atakaa na watu wa kusukumwa sukumwa, pale kuna watu wamekesha na vitabu ndo wakaingia. Mwisho wa kozi kuna na shahada ya uzamili ya Chuo Kikuu cha Madras kwenye masuala ya ulinzi na mikakati.

Asili yake ni chuo cha Waingereza kilichoanzia Deolali mwaka 1905 kikahamia Quetta 1907, halafu 1947 India na Pakistan zikagawanyika, Quetta ikabaki Pakistan, India wakaja kuanza upya huku mlimani. Kuanzia 1950 kikawa rasmi cha majeshi yote matatu, na hiyo ni mapema kweli, Waingereza wenyewe waliowafundisha waliunganisha vyuo vyao vya unadhimu mwaka 1997 tu, kabla ya hapo nchi kavu walikuwa Camberley, wa majini Greenwich, wa anga Bracknell, kila mtu na kwake. Wamarekani mpaka leo nchi kavu wako Fort Leavenworth, wanamaji Newport, anga Maxwell. Kwa hiyo kama mumeo ana nafasi ya kuchagua na anachotaka hasa ni kujifunza kufanya kazi na matawi mengine, mimi Wellington naiweka juu.

Sasa wanasomaje? Kuna wing tatu, nchi kavu, majini na anga, na kila moja ina masomo yake, halafu kuna vipindi na mazoezi ya pamoja. Kazi kubwa inafanyika kwenye sindiketi, yaani kikundi kidogo kinakaa na mkufunzi wao, wanamwita DS, wanapewa hali fulani ya vita kwenye ramani, adui yuko hapa, wewe una nguvu hii, toa mpango. Leo wewe ndo kamanda, kesho umepewa vifaa na usafirishaji, keshokutwa wewe ndo intelijensia. Mume wangu ni wa nchi kavu na jioni alikuwa ananisimulia vizuri sana hiki kitu, anasema wewe unapanga kikosi chako kivuke mto alfajiri, umeridhika kabisa, ndo rubani anakuuliza hizo ndege unazozitaka hiyo saa zinatoka uwanja gani, zina mafuta ya kukaa juu ya vichwa vyenu dakika ngapi, na nani kaishughulikia mizinga ya kutungulia ndege upande wa pili? Mtu wa majini naye anauliza habari ya maji kupwa na kujaa ambayo mtu wa nchi kavu hajaiwaza hata siku moja. Mpango unavunjwa unaanza upya, na wanafanya hivyo mara nyingi mpaka mtu anaanza kujiuliza mwenyewe yale maswali kabla hajaulizwa. Mimi kama mwalimu kwa kazi yangu niliipenda mno hii njia.

Na hayo sio mambo ya darasani peke yake, watu wamekufa kwa kutokuyajua. Aprili 1980 Wamarekani walikwenda kuokoa mateka wao Iran, helikopta za jeshi la majini zikirushwa na wanamarine (askari wa nchi kavu wanaoshuka toka melini), ndege za mizigo za jeshi la anga, makomando wa nchi kavu, watu ambao hawakuwahi kufanya zoezi zima kwa pamoja, kazi ikavunjika jangwani na wakati wa kuondoka helikopta ikagonga ndege, wakafa wanane. India nao 1962 walipigwa na China huku ndege zao za kivita zimekaa chini. Kwenye vita na Pakistan kule Kargil 1999 nchi kavu walianza kupambana mwanzoni mwa Mei, ndege zikaingia Mei 26, na hata operesheni ilikuwa na majina mawili, nchi kavu na lao anga na lao. Ila 1971 dhidi ya Pakistan walifanya vizuri sana, siku 13 tu, boti za majini zikapiga bandari ya Karachi na makombora, askari wa miamvuli wakadondoshwa Tangail, iliyopo Bangladesh ya leo, Desemba 16 Dhaka ikasalimu amri na wafungwa kama 93,000. Mkuu wa jeshi la nchi kavu wakati huo alikuwa Sam Manekshaw, ambaye kabla ya hapo alishakuwa mkuu wa chuo hiki hiki, na alipostaafu akaishi Coonoor, akafariki 2008 hospitali ya jeshi hapo hapo Wellington, kazikwa Ooty, mji wa jirani.

Na sisi tusijione tuko mbali na haya. Machi 2008 askari wetu wa JWTZ pamoja na Wasudan na Wakomoro waliteremka kisiwa cha Anjouan huko Komoro kwa njia ya bahari, na Mohamed Bacar aliyekuwa amekishikilia kisiwa hicho akakimbilia Mayotte, kisiwa cha jirani kilicho chini ya Ufaransa. Kenya nao Septemba 2012 waliteremka Kismayu kutokea baharini, majini, anga na nchi kavu kwa pamoja. Nchi yenye pwani ndefu kama yetu, yenye Unguja, Pemba na Mafia, ofisa wake akijua tawi lake tu hajatosha, hapo nasema kwa moyo wangu wote.

Kitu ambacho hakimo kwenye mtaala, na mimi nakiona ndo kikubwa kuliko vyote, ni makazi. Familia zinachanganywa, jirani yetu mmoja alikuwa wa submarini, mwingine rubani wa helikopta, watoto wanacheza pamoja, sisi wake tunapeana vitunguu na mdalasini, wanaume wanabishana barazani mpaka usiku. Miaka kumi mbele hao ndo watakuwa makanali na mabrigedia na kila mmoja ana namba ya mwenzake. Na Waswahili tulikutana pia, Mkenya na Mganda, tukiongea Kiswahili Jumapili nyumba ile inachangamka.

Maisha ya kawaida sasa. Mnatua Coimbatore halafu mnapanda kwa gari, kona zake ni kama za kupanda Lushoto ila nyingi zaidi, mwenye mtoto anayetapika abebe mifuko. Ni zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, mvua zinakuja misimu miwili na ukungu unaingia mpaka sebuleni, nguo hazikauki, nunueni hita mapema na masweta ya maana. Kuna duka moja mjini lilituuzia hita iliyozima ndani ya wiki na hawakutaka kuirudisha, kwa hiyo mkinunua dai risiti na muijaribu hapo hapo dukani. Sokoni wanaongea Kitamil, chuoni Kiingereza, lakini chapati na chai mtaelewana popote. Ile treni ndogo ya Nilgiri inayopanda kutoka Mettupalayam hadi Ooty, kipande cha kufika Coonoor ikipanda kwa meno ya chuma, inasimama Wellington pia, imo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2005, wapelekeni watoto.

Kile ambacho kila mtu huko anakiongea kwa sauti ya chini ni Desemba 8, 2021. Jenerali Bipin Rawat, mkuu wa kwanza wa majeshi yote matatu ya India, cheo kilichoanza Januari 2020 tu, alikuwa kwenye helikopta akija kuongea na wanafunzi wa chuo hiki, ikaingia kwenye mawingu ikagonga mlima karibu na Coonoor. Waliokuwemo 14 wote tukawapoteza, pamoja na mkewe, mmoja wao alifia hospitali wiki moja baadaye. Mtu aliyepewa kazi ya kuyaunganisha majeshi kafia njiani akienda kwenye chuo kinachofundisha muungano huo, mimi kila tukipita barabara ile nilikuwa nanyamaza.

Nusu nyota niliyoikata ni hii. Muda mrefu bado kila mtu yuko kwenye wing yake, ningependa mazoezi ya pamoja yawe mengi zaidi na yaanze wiki za mwanzo. Na tena chuo peke yake hakitoshi, maofisa wengi wa India walishasoma pamoja tangu vijana kwenye chuo cha maofisa wanafunzi pale Khadakwasla, miaka mitatu matawi yote chuo kimoja, halafu wanakutana tena Wellington, lakini bado majeshi yao yamebishana miaka na miaka kuhusu kamandi za pamoja, nani amuongoze nani na ndege zikae chini ya nani. Urafiki upo ila bajeti na vyeo viko kwa kila tawi. Wamarekani walipoona hilo wakatunga sheria 1986, ya Goldwater na Nichols, kwamba ukitaka ujenerali lazima uwe umeshafanya kazi kwenye ofisi ya pamoja, na hapo maofisa wazuri wakaanza kuzitafuta hizo nafasi wenyewe. Kwetu pia ningependa aliyerudi na kozi kama hii asirudishwe moja kwa moja kwenye kikosi cha tawi lake, apelekwe kwanza sehemu ambayo anapanga na wa majini na wa anga kila siku.

Kozi inaanza katikati ya mwaka, kwa hiyo mkishapata barua anzeni shule za watoto na viza mapema, na mume aanze kusoma ramani na kuandika Kiingereza cha kiofisi toka yuko nyumbani kwa sababu kazi za kuandika ni nyingi na zinadaiwa kwa saa.