Uzoefu wangu: Tiketi ya kusimama Shakespeare's Globe, London

Kila mgeni anayekuja kunitembelea London namwambia hivi: ukienda Globe, ukumbi wa kuonyeshea michezo ya Shakespeare, achana na kiti. Nunua tiketi ya kusimama.

Mara ya kwanza nilikaa ghorofani. Niliona vizuri, ila nilijihisi kama mtu anayetazama harusi ya jirani kupitia dirishani. Kiangazi kilichofuata nikalipa pauni 10, nikawahi foleni, na mlango ulipofunguliwa nikaenda moja kwa moja mbele, viwiko juu ya ubao wa jukwaa. Ua ule wa kusimama, ulio mbele ya jukwaa, hauna paa na unachukua watu kama 700.

Mchezo ulikuwa Much Ado About Nothing, wa kuchekesha, kuhusu Benedick na Beatrice, wanaopenda kurushiana maneno. Pale mbele unaona jasho likimtiririka mwigizaji shingoni, na unamsikia akivuta pumzi kabla ya maneno marefu. Kuna sehemu Benedick anajificha ili awasikilize rafiki zake, nao kwa makusudi wanadai Beatrice anampenda. Benedick wetu aliruka kutoka jukwaani, akajibanza nyuma yangu, mkono begani kwangu, kidole mdomoni. Ua mzima ukatugeukia. Moyo ulinienda mbio! Nilikuwa ndani ya mchezo, nami nikawa naomba asigundulike.

Naamini ndivyo ilivyokuwa zamani. Globe ya kwanza ilijengwa 1599, na watu wa kawaida walilipa peni moja kusimama. Iliungua 1613, mzinga uliofyatuliwa katikati ya onyesho uliposhika paa la nyasi. Hii ya leo aliipigania Sam Wanamaker, mwigizaji kutoka Marekani, akafariki 1993, miaka minne kabla ya kufunguliwa kwake. Hilo huniumiza kila ninapoingia. Tazama juu ukiwa pale: paa linalofunika viti ni la matete, la kwanza la aina hiyo kuruhusiwa jijini tangu moto mkubwa wa 1666.

Na Kiswahili kimeshasikika kwenye jukwaa hilo. Mwaka 2012 ilichezwa michezo 37 kwa lugha 37, na waigizaji kutoka Kenya wakaleta The Merry Wives of Windsor kwa Kiswahili. Mimi niliyemjua Shakespeare kupitia Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere, natamani ningekuwepo siku hiyo.

Sasa maandalizi. Mwavuli hauruhusiwi, maana unawaziba walio nyuma, na mvua ikinyesha mchezo hausimami. Beba koti la mvua lenye kofia. Kukaa chini mchezo ukiendelea pia hairuhusiwi, na mchezo unaweza kuchukua muda wa saa tatu nzima, kwa hiyo vaa raba. Shoga yangu niliyekuwa naye siku ile alikuja na viatu vya visigino. Baada ya mapumziko aliniacha mbele peke yangu, akaenda kuegemea ukuta. Na kula kabla ya kuingia, maana ukitoka kwenda kutafuta chakula mapumzikoni, nafasi yako ya mbele imeshakwenda.

Tulitoka saa nne usiku ikiwa imepita, baada ya waigizaji wote kucheza ngoma ya kufungia. Ijumaa na Jumamosi treni ya chini ya ardhi ya njia ya Jubilee inakesha, kwa hiyo hatukuwa na haraka. Tulivuka Millennium Bridge kwa miguu, kuba la kanisa kuu la St Paul's likiwaka taa mbele yetu, shoga yangu akiwa ameshika viatu mkononi, akiniuliza tiketi za wiki ijayo zinanunuliwa wapi.