Seti ya kabureta: kila kitu kimo, isipokuwa kile kilicholika

Naandika nikiwa bado na hasira, kwa hiyo mnivumilie nikipitiliza. Kama una pikipiki ya zamani ya Kijapani na umeanza kuzitamani zile seti za spea za kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini), za pakiti ya nailoni, zinazoning'inizwa kwenye maduka ya spea hapa Dodoma, soma kwanza.

Yangu ni Honda XL125 ya marehemu baba mdogo, aliyekuwa bwana shamba upande wa Kongwa. Ilikaa stoo miaka mingi. Injini nimeshaishughulikia, umeme upo sawa, nikabaki na ugonjwa mmoja tu: inawaka kiki ya kwanza, sailensa (yaani mngurumo wa injini kabla hujavuta mafuta) imetulia, ila ukivuta mafuta hadi nusu inakaba. Inakuwa nzito, inatoa moshi mweusi, inataka kuzima. Ukifungua mafuta yote inachanganya na kuondoka vizuri tu. Plagi ukiitoa ni masizi matupu.

Kwa ugonjwa huo mafundi wanaweza kukufilisi. Mmoja alisema koili. Mwingine akasema ringi, nishushe tena injini! Wakati kabureta yenyewe imeshajieleza. Sailensa ni kazi ya jeti ndogo, na mafuta yote ni jeti kubwa; jeti ni vile vipande vyenye tundu jembamba la kupimia petroli. Pale katikati, kuanzia robo mpaka robo tatu, wanaotawala ni sindano na kile kijibomba cha shaba ambamo sindano inapanda na kushuka. Sindano inatetema humo muda wote injini inapowaka, na ukiongeza vumbi la huku kwetu linaloingia kupitia filta ya hewa iliyochakaa, tundu lazima lilike. Nilikichomoa nikakielekeza juani: tundu la duara limekuwa kama yai. Petroli inapita pembeni ya sindano bila kipimo. Na Dodoma ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar, kwa hiyo mchanganyiko unaelekea kuzidi mafuta hata kabla spea hazijachakaa.

Nilijaribu kwanza ujanja wa bure: nikahamisha klipu ya sindano hadi mfereji wa juu kabisa ili sindano ishuke. Ikapata nafuu kidogo, ugonjwa ukabaki. Hapo nikaenda dukani.

Nikamuuliza kijana wa kaunta, "Kijana wangu, hii seti ya XL ina kila kitu?"

"Kila kitu kimo, mzee wangu. Ukifunga hiyo umemaliza."

Nikalipa. Nyumbani nafungua pakiti: jeti mbili, sindano, sindano ya floti (boya linapopanda, hiyo ndiyo inayofunga petroli isizidi kwenye kikombe cha kabureta), gasketi ya kikombe, oringi, skrubu na springi yake. Kijibomba hakuna. Yaani wamekuletea sindano mpya ukaitumbukize kwenye tundu lile lile lililolika. Na namba zilizogongwa kwenye jeti zao si zile za jeti zangu, kwa hiyo zangu nikaziosha nikazirudisha. Kwa kuzipuliza na upepo, lakini, si kwa kuzichokoa na uzi wa waya wa breki kama mafundi wetu wanavyopenda, maana waya unapanua tundu halafu unaanza kutafuta ugonjwa mwingine.

Nikarudi na kijibomba changu mkononi. Yule kijana hakuinua hata kichwa kwenye simu. Akanyoosha kidole ukutani palipoandikwa kwamba mali ikiuzwa hairudishwi.

"Sirudishi kitu. Nauliza hiki kiko wapi, maana ulisema kila kitu kimo."

Akakichukua, akakigeuza mara moja, akakitupa juu ya kaunta. "Hiki hakiishagi, mzee. Nunua Boksa upumzike."

Vijana wa bodaboda waliokuwa mlangoni wakacheka. Kijibomba kikabingirika, kikadondoka, kikaingia chini ya shelfu la tairi. Nikapiga magoti mimi mwenyewe, na umri huu, kukipapasa kwenye vumbi na mafuta machafu, yeye anaendelea na simu yake. Hata "pole" hakusema.

Hakiishagi! Kitu kimelika mpaka kinaonekana kwa macho bila miwani, mtu anayeishi kwa kuuza spea anakwambia hakiishagi.

Siku hiyo ningeandika kwamba seti hiyo ni wizi mtupu. Nilipopoa nikaona niwe mkweli: gasketi ya kikombe imekaa vizuri kuliko niliyokuwa nayo, oringi pia hazina shida, na kwa gasketi na oringi peke yake bei inavumilika. Kijibomba nilikuja kukipata Chang'ombe ya hapa hapa Dodoma, kwa fundi mtu mzima mwenye kopo la maziwa lililojaa kabureta zilizokufa. Hakuniuliza kwa nini sinunui mpya. Alijaribisha sindano kwenye vijibomba vyake kimoja kimoja, akiisukuma kwa kidole kusikia kama inacheza, mpaka akapata kilichobana sawasawa. Alichonidai ni aibu kukitaja. Nikakifunga, nikatoka na pikipiki barabara ya Kondoa hadi Msalato: nusu ya mafuta inavuta safi, moshi hakuna, plagi imeanza kuwa na rangi ya kahawia.

Basi nikasema nimsamehe kijana, seti niipe alama za wastani.

Asubuhi yake nafungua stoo, harufu ya petroli imejaa na sakafu imelowa. Ni ile sindano mpya ya floti, ya kwenye seti! Nikafungua kabureta, nikaigeuza juu chini ili floti iikandamize, nikapuliza kwa mdomo kupitia mpira wa mafuta. Upepo unapita. Nikarudisha ile ya zamani, ambayo ncha yake ina mstari wa kulika unaouhisi kwa ukucha. Ikazuia upepo. Ya zamani iliyolika inafunga, mpya haifungi! Na mtu anahifadhi pikipiki ndani, palepale jirani na jiko la mkaa.

Kwa hiyo alama za wastani nazifuta. Msinunue. Au kama mnanunua, nunueni kwa ajili ya gasketi, sindano zake mtupe, jeti mlinganishe namba kwanza, na funga bomba la tangi kila unapolaza chombo. Mimi kwa yule kijana sirudi. Labda gasketi ikichanika tena, maana nimezunguka maduka mengine yote ya spea hapa mjini na hawana.