Kitanzi au kibanio: kupima kelele za redio kabla ya maabara

Kifaa cha umeme hutoa kelele za redio, na maabara hupima kama zimezidi kikomo. Kwa fundi wa Nairobi mwenye spektramu analaiza (chombo kinachoonyesha nguvu ya mawimbi kwa kila masafa) mezani, njia za kuzipima mapema ni mbili. Kitanzi cha waya hupitishwa juu ya bodi. Kikikaribia saketi inayovuja, mistari kwenye skrini hupanda na mkosaji akajulikana. Lakini hakikwambii kama kifaa kitafaulu maabara.

Kibanio cha mkondo hushika kebo yenyewe, na kebo ndiyo antena. Kwenye megahezi 50, mita 1 ya kebo ikibeba maikroampea 5 tu zinazokwenda upande mmoja katika nyaya zake zote, tayari umefika kwenye kikomo cha Marekani cha kelele za vifaa vya nyumbani. Anza na kibanio, jamani!

Kati ya megahezi 88 na 108, zima kifaa kwanza: mistari ikibaki, hizo ni stesheni za FM.