Pasaka ya 2024 Unguja, katikati ya Ramadhani: nyumba ya wageni yenye jiko la Bi Mkubwa

Nimepika kwenye shughuli za watu hapa Mbeya kwa miaka kumi na moja: harusi, vipaimara, misiba, mahafali. Pilau yangu inajulikana mpaka Mbalizi. Kilichonishinda miaka yote hiyo ni nazi. Zinazofika sokoni Mwanjelwa hapa mjini zimeshachoka na safari, halafu mimi nilikuwa nakamua tui lote kwa mara moja, namimina, nafunika sufuria, nikirudi nakuta limekatika na mafuta yanaelea juu. Ndiyo maana Pasaka hii hatukwenda Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kama kawaida yetu. Nilimwambia wifi yangu wa Tukuyu tuvunje kibubu twende Unguja, tulale usiku nne, tule na tujifunze.

Nianze na kasoro. Mpango wa safari tulimpa wakala mmoja wa hapa mjini, ambaye jina lake silitaji. Alituandikia karatasi nzuri ya rangi, kila siku ina mstari wa "chakula cha mchana: mgahawa wa mjini". Pasaka ilikuwa tarehe 31 Machi. Ramadhani ilikuwa imeanza tarehe 12. Na sisi tulijua fika kwamba Waislamu wamefunga, majirani zetu wenyewe walikuwa wamefunga, lakini huku Mbeya mama lishe wanaendelea na kazi zao mchana kutwa, kwa hiyo haikutujia akilini kuuliza. Zanzibar ni kitu kingine. Kula hadharani mchana wa Ramadhani hairuhusiwi, na migahawa ya mjini imefungwa, ukiacha ile ya ndani ya hoteli za watalii. Mtu anayeuza safari kwa pesa anatakiwa kulijua hilo kabla hajaandika karatasi. Tulishuka kwenye boti Alhamisi Kuu saa sita mchana, baada ya kutwa nzima ya basi jana yake na usiku mfupi Dar, njaa inauma, tukapita mlango kwa mlango na kila mlango umefungwa. Tulikula biskuti chumbani tukiwa tumefunga dirisha. Wakala nimeshampigia simu, amekubali kosa, karatasi yake ameibadilisha.

Bahati yetu malazi hatukumwachia yeye. Alitaka kutupeleka Nungwi, kaskazini ya kisiwa, kwenye hoteli ya ufukweni. Wifi akakataa: hatukwenda kuogelea. Mama mmoja wa Mwanjelwa anayeuza vitenge ndiye aliyetupa namba ya nyumba anayofikia akienda kuchukua mzigo, iko mtaa wa Malindi, mjini Unguja, dakika chache kwa miguu kutoka bandarini. Hii nyumba ndiyo ninayotaka muijue.

Haina kibao mlangoni. Ina vyumba vitano, na mwenyewe ni mama wa makamo ambaye kila mtu anamwita Bi Mkubwa, nasi tukamwita hivyo hivyo. Chumba cha vitanda viwili tulilipa elfu sabini kwa usiku. Futari na daku, elfu kumi na tano kila mtu kwa siku. Alipotuona tumekaa kinyonge pale Alhamisi aliuliza tumekula nini, tukamwambia. Akatikisa kichwa. "Wanangu, wageni wangu wasiofunga nawawekea chai na mkate kule juu, si mngesema? Haya, sasa hivi pumzikeni. Magharibi mtakula na sisi."

Jua la Unguja mwisho wa Machi linazama saa kumi na mbili na nusu hivi. Tuliitwa dakika chache kabla. Mkeka umetandikwa sebuleni, sinia tatu zimefunikwa kawa. Adhana ilipolia watu walianza na tende na maji, kisha kikombe cha uji wa pilipili manga, wa moto, mtamu, unaowasha kooni taratibu. Kisha wenyeji wakaenda kuswali, sisi tukabaki tunanusa. Waliporudi kawa zikaondolewa. Muhogo wa nazi. Ndizi mbichi za nazi. Majimbi, ambayo sisi tunayaita magimbi. Tambi za sukari zenye iliki. Sambusa, katlesi, kalimati zilizovikwa shira mpaka zinang'aa. Na bakuli la pweza wa nazi katikati.

Sisi watu wa Nyanda za Juu tumekulia mbasa na usipa wa Ziwa Nyasa, pweza tulikuwa tunamwona kwenye televisheni. Wifi alimtazama kwa muda kabla hajaonja. Ni mlaini. Mchuzi wake mzito, umekolea ndimu na bizari, na ule utamu wa nazi unakuja nyuma. Mimi nilikuwa na shida nyingine kabisa: nilikuwa naangalia ule muhogo. Tui limeushika kila kipande, halina hata tone la mafuta lililojitenga. Nikamuuliza Bi Mkubwa kama naweza kuingia jikoni kesho yake. Akasema njoo saa tisa alasiri, ulete mikono.

Hapo ndipo pesa yangu iliporudi. Nilikaa kwenye mbuzi nikakuna nazi nne mwenyewe. Bi Mkubwa ananisimamia, ananikataza kukuna mpaka kwenye kifuu kwa sababu ile kahawia inaharibu rangi. Kisha kifumbu, kile cha ukili cha kukamulia tui. Maji kidogo ya uvuguvugu, unakamua, hilo ni tui la kwanza, zito, unaliweka mbali kabisa na moto. Maji tena, unakamua tena, hilo la pili ndilo unalopikia muhogo mpaka uive, pamoja na kitunguu, chumvi na pilipili mbichi isiyopasuliwa. Tui la kwanza linaingia mwishoni. Na likishaingia hufuniki, huendi kujibu simu. Unakoroga taratibu mpaka lichemke mara moja, unaipua. Miaka kumi na moja nilikuwa nafunika! Nilipomwambia alinishika bega, akasema hata binti yake alikuwa hivyo.

Tulikuwa tumempelekea zawadi, kilo tano za mchele wa Kyela na maparachichi ya Rungwe. Maparachichi yaliishia kwenye juisi ya Ijumaa. Mchele aliuchukua mkononi, akaunusa, akauliza tunautia nini. Nikasema kwa wali wa nazi huwa natia iliki. "Huu usiutie kitu," akasema, "una harufu yake." Jumamosi akaupika kwa tui na chumvi basi. Nasema kwa moyo wote, sijawahi kula mchele wa kwetu ukiwa mtamu namna ile, na nimezaliwa nao.

Soko la Darajani, lile la tangu 1904, liendee alasiri. Asubuhi limepoa. Kuanzia saa tisa watu wanajaa kununua vya kufuturia: mikate ya ufuta, mikate ya mofa, ndizi, tende za kila aina. Jifunze na majina, maana nilimwomba kijana kilo ya nyanya akanitazama. Kule ni tungule. Viazi vyetu vya Uporoto kule ni mbatata. Nilivifurahia kama watoto wangu waliobadilishwa jina.

Forodhani tulikwenda usiku wa Ijumaa, baada ya watu kufuturu. Bustani inapendeza, mbele ya bahari, karibu na Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu, ambayo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 na bado inauma kuitazama. Juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu ni nzuri, kunywa mbili. Mishikaki ya baharini mimi sikuipenda. Kuna kamba na ngisi waliokuwa wamechomwa mapema, wanarudishwa motoni mteja akifika, wanakuwa kama mpira. Ukitaka, chagua kibichi, simama hapo hapo kichomwe ukiona, na uulize bei kabla. Urojo kula kwenye vibanda vya ndani ya mitaa. Tulikula wa shilingi elfu mbili na mia tano wenye bajia, kachori, mbatata, mshikaki, chatne ya nazi, ule mchuzi wake wa ukwaju na embe mbichi ukiwa wa moto. Wifi alirudi siku ya pili peke yake.

Jumapili ya Pasaka tulisali Mkunazini, Kanisa Kuu la Waanglikana. Sisi ni Wamoravian lakini siku hiyo haikuwa ya kuchagua. Madhabahu iko mahali palipokuwa na mti wa kuchapia watumwa, kwenye soko lililofungwa mwaka 1873. Unaimba "amefufuka" umesimama pale. Sina zaidi ya kusema kuhusu hilo. Tulitoka tukiwa hatuna njaa kabisa, na wifi, ambaye hakuniambia kitu, alikuwa ameamua siku hiyo afunge na wenye nyumba mpaka magharibi. Bi Mkubwa alipojua alimwandalia vipopoo vyake mwenyewe, vile vidonge vya unga vya tui la nazi, kwenye bakuli dogo.

Sasa upungufu wa nyumba, maana haukosekani. Joto ni kali kwa mtu wa Mbeya; usiku mmoja umeme ulikatika, feni ikasimama, tukakaa barazani mpaka ukarudi. Choo kinatumiwa na vyumba viwili. Mwisho wa Machi ni masika, uchochoro wa mbele unajaa maji, nenda na ndala. Na usiku wa manane utaamshwa na ngoma ya daku inayopita mtaani, kwa hiyo kama unataka kulala fofofo tafuta kwingine. Sisi tuliamka, tukala daku, tukalala tena mpaka saa nne asubuhi. Ukiishi kwa saa hizo mchana haukusumbui. Ukishindana nazo utateseka kama sisi Alhamisi.

Kwa watakaopanga: Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Mwaka 2025 Pasaka ilikuwa tarehe 20 Aprili na mfungo ulikuwa umekwisha; ukienda wakati kama huo migahawa iko wazi, lakini futari huikuti. Mimi ningechagua kwenda Ramadhani, hata bila Pasaka. Ukipanga kwenda Idd yenyewe, kumbuka siku inategemea mwezi kuandama, basi usikate tiketi ya kurudi ya kubana, na siku ya kwanza wapishi wengi wako makwao na watoto wao. Kitambulisho cha NIDA usikisahau nyumbani. Vaa nguo ya staha mitaani. Bi Mkubwa hapokei wageni bila kupigiwa simu, na chumba cha kumwomba akupe ni cha juu upande wa uani, ndicho chenye upepo.

Nyumba naipa nyota tano kasoro nusu, na hiyo nusu ni ya choo. Jana Uyole mvua ilinyesha baridi kali, nikapika muhogo wa nazi kwa watu ishirini wa kikundi chetu. Vifumbu nilivinunua viwili Darajani, kimoja kiko Tukuyu kwa wifi. Tui halikukatika.