TAHADHARI: Muuzaji wa vibali vya Boundary Waters na mitumbwi iliyokwanguliwa namba

Ndugu zangu mnaoishi Minnesota na majimbo ya jirani, naandika kuwatahadharisha juu ya mtu anayejitambulisha kuwa mwongozaji wa safari za mitumbwi katika hifadhi ya Boundary Waters. Amekuwa akizifikia familia zetu kupitia makundi ya WhatsApp ya jumuiya na ya makanisa, tena kwa Kiswahili fasaha, na kiangazi kilichopita alichukua kwetu dola 2,450. Simtaji jina, kwa kuwa jina alilotupa sisi silo alilowapa watu wengine wawili niliozungumza nao baadaye, na sitaki mtu asiye na hatia aje kubebeshwa mzigo huu kwa kufanana jina tu. Njia zake ndizo zinazomtambulisha.

Kwa wale ambao hawajafika huko, Boundary Waters iko kaskazini-mashariki mwa Minnesota, ndani ya Msitu wa Taifa wa Superior, mpakani na Kanada. Ni eneo la zaidi ya ekari milioni moja na maziwa zaidi ya 1,000, ambamo unapiga kafi hadi mwisho wa ziwa, unaubeba mtumbwi begani kuvuka msitu, kisha unaushusha katika ziwa linalofuata. Ukienda kulala huko kati ya Mei 1 na Septemba 30 ni lazima uwe na kibali, na vibali vina idadi maalumu kwa kila siku na kwa kila lango la kuingilia. Uchache huo ndio mtego wenyewe. Vibali vya msimu hufunguliwa mtandaoni, kwenye tovuti ya serikali ya Recreation.gov, Jumatano ya mwisho ya Januari saa tatu asubuhi, na malango yanayopendwa, kama Lake One na Moose Lake, hujaa mapema kwa tarehe za Julai. Sisi tulianza kupanga mwezi wa Aprili, tukiwa watu wazima wanne na watoto wawili, tukakuta tarehe zote za likizo yetu zimekwisha.

Hapo ndipo mtu huyu alipojitokeza. Alisema anacho kibali cha Lake One cha katikati ya Julai, ambacho kundi lake limeshindwa kukitumia, na kwamba angetuuzia kwa dola 400. Pamoja nacho angetupa mitumbwi miwili iliyotumika ya Kevlar (kitambaa chepesi na imara) kwa dola 1,800, na jaketi sita za kuokolea maisha pamoja na pipa la chakula lisilofunguliwa na dubu kwa dola 250. Alitutumia picha ya kibali chenye namba ya kuhifadhia nafasi, tarehe na jina la lango. Alitaka fedha zote kwa Zelle, huduma ya kutuma fedha kupitia benki, nusu kama arubuni siku ileile, kwa maelezo kwamba familia nyingine ilikuwa inasubiri.

Ninyi mtakaosoma haya kabla ya kulipa, shikeni jambo hili kuliko yote: kibali cha Boundary Waters hakiuziki wala hakihamishiki. Aliyekihifadhi anaandikwa kama kiongozi wa kundi, na anaweza kutaja wasaidizi wasiozidi watatu wakati uleule wa kuhifadhi. Baada ya hapo haongezi jina. Ni mmoja kati ya hao tu anayeweza kukichukua kibali, akiwa ametokea mwenyewe na kitambulisho chake, siku ya kuingia au siku moja kabla. Kwa hiyo hata kama kibali anachokuonyesha muuzaji ni halali kabisa, hakikufai kitu ikiwa jina lako halimo. Bei nayo ingetosha kutushtua kama tungeuliza. Kwa viwango tulivyokuja kulipa sisi wenyewe baadaye, mtu mzima ni dola 16, mtoto dola 8, na kuhifadhi nafasi dola 6. Kundi letu lote lilipaswa kulipa dola 86.

Mtumbwi wa kwanza na jaketi tulikabidhiwa jioni, giza likianza kuingia, katika eneo la kuegesha magari la duka moja kubwa kaskazini mwa Minneapolis. Alisema mtumbwi wa pili na kibali tutavikuta Ely, mji ulio karibu na hifadhi. Mtumbwi ulikuwa mwepesi, mtu mmoja aliuinua bila kusaidiwa, nasi tukaridhika kwa sababu kila aliyetushauri alisifu wepesi wa Kevlar: mtumbwi wa aina hiyo unaweza kuwa na kilo 19 hivi, ilhali wa alumini unakaribia kilo 34, na tofauti hiyo unaihisi begani unapopanda kilima chenye mawe. Tulimlipa nusu iliyobaki palepale.

Asubuhi yake, nikiwa nimeulaza kifudifudi juu ya nyasi, ndipo nilipouona vizuri. Kila mtumbwi uliotengenezwa kiwandani kwa soko la Marekani tangu Novemba 1972 unapaswa kuwa na namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 12, upande wa kulia wa tezi, yaani sehemu ya nyuma, karibu na ukingo wa juu. Herufi tatu za mwanzo ni alama ya mtengenezaji, na tarakimu mbili za mwisho, kwa vyombo vya tangu mwaka 1984, ni mwaka wa toleo. Kwenye mtumbwi wetu mahali hapo palikuwa na mstatili wenye upana wa vidole vinne, uliosuguliwa kwa msasa mpaka nyuzi za kitambaa zikachomoza, kisha ukapakwa rangi isiyolingana na nyingine. Nikachukua sarafu nikawa nagonga tumbo la mtumbwi kidogokidogo kuelekea omo, yaani sehemu ya mbele. Sehemu isiyo na kasoro hutoa mlio mkavu na mkali. Chini ya kiti cha mbele, kwa upana wa sahani, mlio uligeuka kuwa mzito na wa kufifia, na nilipobonyeza kwa kidole gumba pakabonyea. Tabaka zilikuwa zimeachana, na rangi mpya ilipakwa kuficha hali hiyo.

Jaketi za kuokolea maisha ndizo zilizonikasirisha zaidi, maana mbili zilikuwa za watoto. Jaketi halali huwa na maandishi ndani yanayoonyesha namba ya idhini ya Walinzi wa Pwani wa Marekani pamoja na uzito wa mtu anayefaa kulivaa. Katika zile za watoto, mahali pa maandishi hayo palibaki alama za uzi uliofumuliwa tu. Sheria ya Minnesota inataka mtoto wa chini ya miaka 10 awe amevaa jaketi wakati chombo kinakwenda, na maji ya maziwa yale ni baridi sana hata barafu ikiwa imeyeyuka zamani. Mtu anayemuuzia mzazi jaketi la namna hiyo anajua anachokifanya.

Nilimpigia simu kuhusu namba na jaketi. Alijibu kwa upole kwamba rangi ni ya ukarabati wa kawaida na kwamba Ely angetubadilishia kila kitu. Tukaenda. Ni mwendo wa saa nne hivi kutoka Minneapolis, na watoto walikuwa wamepanga mikoba yao tangu wiki iliyotangulia. Katika ofisi ya msitu pale Ely, ofisa aliitafuta namba ya kibali chetu kwenye kompyuta mara mbili, kisha akanigeuzia skrini nione mwenyewe: hakuna nafasi iliyohifadhiwa kwa namba hiyo. Simu ya muuzaji ilikuwa imezimwa. Ofisa yule alitutendea wema ambao siusahau. Alitueleza kwamba kwa safari ya mchana, bila kulala na bila injini, tungeweza kujaza kibali cha siku wenyewe, na idadi yake haina kikomo. Tulikodi mitumbwi na jaketi pale mjini, watoto wakapiga makafi siku mbili, jioni tukilala nje ya hifadhi. Mtumbwi wetu ulibaki umefungwa juu ya gari.

Anayetaka safari hii msimu ujao ahifadhi kibali mwenyewe, kwa jina lake, na ataje wasaidizi wake siku hiyohiyo. Akikuta tarehe zimejaa asikate tamaa, kwani nafasi zinazofutwa hurudi kwenye mfumo uleule. Sisi tulipata ya mwanzoni mwa Septemba kwa kuangalia kila asubuhi, na wakati huo mbu wamepungua. Kumbukeni pia kwamba kundi moja halizidishi watu 9 na vyombo 4, na kwamba chupa za kioo na makopo ya vyakula na vinywaji hayaruhusiwi kuingia. Muuzaji wetu alitushauri tubebe vyakula vya makopo, jambo ambalo mwongozaji wa kweli asingelisema.

Kuhusu mtumbwi, kwa maoni yangu familia inayokwenda mara ya kwanza ikodi tu. Mwenye nia ya kununua asubiri mwisho wa msimu, wakati maduka mengi ya kukodisha ya miji ya Ely na Grand Marais huuza mitumbwi yao iliyotumika, kwa risiti, na mchana kweupe. Ukinunua kwa mtu binafsi, omba picha ya namba ya tezi kabla hujatoa hata senti moja. Omba na kadi ya usajili wa jimbo, kwa sababu Minnesota inataka mtumbwi unaozidi futi 10 usajiliwe, kisha linganisha jina lililopo na kitambulisho cha anayekuuzia. Akisita, ondoka.

Benki yetu ilisema malipo niliyoyaidhinisha mwenyewe kwa Zelle haiwezi kuyarejesha. Tumetoa taarifa polisi, kwa Tume ya Biashara ya Marekani kupitia ReportFraud.ftc.gov, na kwa ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Minnesota, na mtumbwi tumeukabidhi polisi kwa sababu huenda kuna aliyeibiwa. Ni wa rangi ya dhahabu, wenye futi 18 na nusu, viti viwili vyeusi, na kamba nyekundu iliyosukwa kwa mkono kwenye omo. Aliyepoteza mtumbwi wa namna hiyo, au aliyetumiwa picha ya kibali cha Lake One cha katikati ya Julai na mtu anayezungumza Kiswahili cha upole na kuharakisha malipo, apeleke taarifa kwa polisi wa mji wake na aambatanishe ujumbe wote bila kufuta hata mmoja.